Sufuria ya Matanga Gerezani

Bibi yangu ananiita muke mwenza. Babu alikufa kabla sijaota meno, lakini hadi leo tunamgombania. Yeye anasema babu alimuoa akiwa mrembo kuliko mimi mara mbili. Mimi namjibu kwamba babu alikufa haraka kwa sababu ya sombe yake, mboga ya majani ya muhogo, isiyo na chumvi. Tunatupiana maneno hayo jikoni, mbele ya wageni, hata siku ya Idi. Kwetu Kasongo bibi na mjukuu ni watani, na mtani hakasirikiwi. Shida yangu ni kwamba nimezoea utani wa nyumbani, nikaupeleka shuleni, na prefe wetu, mkuu wa shule, si bibi yangu. Amenifukuza darasani mara nyingi hadi nauona ukuta wa nje kama benchi langu.

Lakini hapa sitaki kusimulia habari za prefe. Nataka kusimulia sufuria.

Ndugu ya mama, mjomba wangu, yuko gerezani. Alikuwa anabeba watu kwa pikipiki kwenye barabara ya Salamabila. Siku moja alibeba abiria mwenye mfuko mzito. Askari walipowasimamisha, abiria akakimbilia msituni, mfuko ukabaki kwenye pikipiki, na mjomba akabaki na mfuko. Alipoingia gerezani nilikuwa bado shule ya msingi. Sasa niko sekondari, napigana na aljebra, na yeye bado anangoja kuhukumiwa.

Gereza letu halipiki. Serikali inakupa ukuta, chakula anakupa mama yako. Kwa hiyo kila siku nikitoka shuleni nabeba bugali na sombe, na mara moja moja samaki mkavu wa Nyangwe, mpaka mlangoni. Mlinzi anafunua kikapu kutafuta kisu, na anatafuta kwa meno. Siku moja nilipanga pilipili juu ya sombe, pale mkono wake unapofika kwanza. Tangu siku hiyo anatafuta kisu kwa macho tu.

Mtu asiye na nyumba karibu, je? Ndani mlikuwa na mzee mmoja wa upande wa Wamaza, mkulima wa muhogo, aliyefungwa kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Watu wake wako mbali, na kutoka kule mpaka kwetu asiye na pikipiki anatumia miguu. Mjomba alikuwa anamgawia bugali lake nusu kwa nusu. Alinisimulia, midomo kwenye tundu la mlango, kwamba mzee yule ana tabia ya kuchekesha: kabla ya kula anasema "Asante, nimeshiba," halafu ndiyo ananyosha mkono. Ati anamuzoeza tumbo. Nilicheka. Nilimpelekea salamu, nikamwita mume wangu, maana bibi yangu naye amezaliwa Wamaza, na kwa hesabu ya kwetu mtu wa kwenu unayemkuta ugenini ni kaka yako. Kwa hiyo mzee yule alikuwa kaka wa bibi, yaani babu yangu, na mimi mtani wake. Aliniletea jibu kupitia mjomba: sura yangu haijui, lakini kwa bugali langu, ataoa.

Kisha homa ikamshika mjomba. Kwa siku kadhaa hakuweza kumeza kitu, na kikapu changu kilikuwa kinaliwa na wenye nguvu. Alipopata nafuu akauliza mzee wa Wamaza yuko wapi. Miguu ya mzee ilikuwa imevimba, wenzake wakamwambia, akalala karibu na choo kwa sababu pengine pamejaa, na asubuhi hakuamka. Wafungwa wenyewe walimzika nyuma ya ukuta. Hakuna aliyelia. Hakuna matanga yaliyokaliwa.

Mjomba aliponiambia habari hiyo nilipita mbele ya mlinzi bila kumchokoza. Nilirudi nyumbani na kikapu, na bibi akaniuliza kama nimemeza ulimi.

Hapo ndipo wafungwa walipoanza ile kesi. Wazo lilitoka kwa mjomba, au ndivyo anavyopenda kusimulia. Aliwaambia wenzake kwamba kila mmoja amelalamika peke yake, na kila mmoja amejibiwa kwa fimbo. Sasa walalamike wote kwa mdomo mmoja, mbele ya tribinali, yaani mahakama, kwamba gereza linawaua: chakula hakuna, maji hakuna, wanalala kwa zamu. Walimpata kijana mmoja, defanseri, mtu wa kutetea watu mahakamani, mwenye koti moja na baiskeli moja, akakubali kuwasimamia. Waliweka vidole gumba kwenye karatasi kwa masizi, mjomba wa kwanza.

Direktere, mkuu wa gereza, hakupiga kelele. Aliwakusanya uani na kuwaeleza taratibu, kama mtu anayesoma matangazo ya kanisani. Jaji atakuja kuangalia mwenyewe. Akikuta malalamiko ni uongo, wote wenye vidole kwenye karatasi ile watahamishiwa gereza la Kindu.

Kindu ni mbali. Kikapu changu hakifiki Kindu. Nyumbani hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake: mjomba akipelekwa kule atakuwa mzee wa Wamaza wa pili, na sisi tutapata habari baada ya udongo kukauka. Mama alimtuma mtu amwambie afute kidole chake. Mjomba akajibu kwamba masizi hayafutiki, na hata yangefutika, yeye ndiye aliyegawana bugali na marehemu. Bibi aliposikia jibu hilo alisema mwanawe ni mjinga, halafu akaongeza mawese kwenye sombe yake.

Siku moja kabla ya jaji kuja, niliona ajabu shuleni. Wasichana wanaolala bweni walinyang'anywa magodoro yao, yakapakiwa kwenye mkokoteni, na askari mmoja akatembea kando yake. Tuliambiwa yanakwenda kufuliwa. Niliwatangazia wenzangu kwamba magodoro yamekamatwa, kosa lao ni kulala wakati wa kazi. Darasa lilicheka, mimi nikapelekwa kwenye ukuta wangu. Nikiwa pale niliona mkokoteni ukipinda kona ya gereza. Niliona, lakini sikufikiri. Kichwa changu ni chepesi kwa maneno, kwa hesabu hakina haraka.

Sasa nieleze ile sufuria, kwa sababu mtu wa mbali hawezi kuijua. Iko nyumbani kwetu, chini ya paa la jiko, na bibi ndiye mtunzaji wake. Ni ya akina mama wa mtaa mzima, Waislamu na Wakristo, walioinunua pamoja zamani. Mtoto wa miaka mitano anaweza kujificha ndani. Nasema kwa sababu nilijificha. Sufuria hiyo haiendi harusini. Haiendi kwenye mkutano wa chama wala kwa mgeni wa serikali. Inatoka nyumbani kwa sababu moja tu: mtu amekufa. Na ikitoka, inabebwa mdomo juu, ili kila anayeiona ajue. Anayeiona anaacha kazi yake, anachukua ukuni mmoja nyumbani kwake na kuifuata mpaka inapotua. Hairudi mpaka matanga yaondolewe.

Asubuhi iliyofuata, watu ndio kwanza wanatoka msikitini, mlinzi wa gereza alifika uani kwetu na wafungwa wawili wa kazi za nje. Ni yule yule wa pilipili. Yeye si wa huku. Kiswahili chake kimechanganywa na Kilingala na njaa. Alisalimia vizuri, akaomba sufuria kubwa.

"Nani amekufa?" bibi aliuliza.

Mlinzi aliangalia viatu vyake. Baadaye nilijua kwamba mtu alimpa nusu ya habari: bibi yule hatoi sufuria bila maiti. Nusu nyingine, ya watu na kuni zinazoifuata, hakupewa.

"Mutu moja ku buloko," alisema, yaani gerezani.

"Mutu wa nani? Jina lake?"

"Bibi, miye natumwa tu. Wakubwa watasema."

Mama aliketi chini palepale, kwenye majivu. Bibi aliingia jikoni, akaondoa kuku aliyekuwa ametaga ndani ya sufuria, akaifuta kwa kanga yake, akawapa. Wale wafungwa wawili waliibeba mdomo chini, kama watu wanaobeba beseni. Bibi akawazuia, akaigeuza mwenyewe. Mmoja wao alinitazama akatikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi. Mlinzi akamsukuma wakaondoka.

Nilikuwa namfikiria mjomba na ule mdomo wake kwenye tundu la mlango. Kisha nikafikiria kichwa kile kilichotikisika. Kisha magodoro. Na hesabu ambayo sikuiweza jana ikakamilika yenyewe.

"Bibi," nilisema, "hakuna mutu amekufa. Jaji njo anakuja leo. Wanataka aone sufuria inachemka."

Mama aliinua uso. Bibi alinipima kwa macho kama huu ni utani wangu mwingine. Nilimweleza mkokoteni, magodoro, kichwa cha yule mfungwa. Nilimwambia nikimbie mtaani niwazuie watu, maana tayari tulisikia sauti ya kwanza ya kilio upande wa soko. Mtu alikuwa ameiona sufuria.

"Umuzuie nani?" bibi alisema. "Wamekuja kwangu wakasema iko maiti. Miye nimetoa sufuria. Sasa nakwenda kuwauliza maiti yangu."

"Lakini hakuna maiti, bibi."

"Iko," alisema. "Yule wa Wamaza. Nani alimulilia?"

Akafunga kanga kiunoni, akachukua ukuni, akanipa na mimi wangu. Mama alichukua wa tatu. Tulipofika barabarani, akina mama walikuwa wanatoka kila upande, wengine unga bado mikononi, kila mmoja na ukuni wake kichwani. Bibi aliwaambia wanaotuzunguka ukweli wote huku tukitembea: maiti ni nani, alikufaje, na kwa nini analiliwa leo. Nilidhani baadhi yao watarudi nyumbani. Hakuna aliyerudi. Muuza ndizi mmoja alisema yeye ukuni wake ameshautoa, na hawezi kuurudisha jikoni bila kulia.

Mlango wa gereza ulikuwa wazi, jambo ambalo sijawahi kuliona. Ndani ya ua kuta zilikuwa zimepakwa chokaa mbichi. Sufuria yetu ilikuwa imekaa juu ya mafiga na maharagi yanaanza kuchemka. Jaji, mwanamume mnene asiye wa huku, alikuwa amesimama kando yake na karani wake na defanseri wetu, ambaye uso wake ulikuwa umeanguka. Direktere alikuwa anaeleza, mkono mmoja mgongoni. Wafungwa walikuwa wamepangwa ukutani mbali, kivulini, nami nikashindwa kumtambua mjomba kati ya vichwa vilivyonyolewa.

Kilio chetu kilimkatiza direktere katikati ya sentensi.

Akina mama waliingia na kutupa kuni zao chini, mmoja baada ya mwingine, mpaka lundo likafika magotini. Jaji aliuliza kwa Kifaransa kuna nini. Karani, ambaye ni mtoto wa mji huu, alimjibu kwa sauti ndogo kwamba huu ni msiba.

Bibi alimfuata yule mlinzi moja kwa moja. Hakupaza sauti. "Mwanangu," alimwambia, "asubuhi umekuja kwangu kuniomba sufuria hii. Umesema mutu amekufa humu. Nimekuja na wenzangu. Maiti iko wapi?"

Mlinzi alimtazama direktere. Direktere alitazama maharagi.

Ndipo hata mimi nilipoelewa alivyowafunga. Mlinzi akisema mtu amekufa, aonyeshe maiti mbele ya jaji. Akisema hakuna aliyekufa, basi alidanganya ili apate sufuria, na sufuria si ya gereza. Jaji naye, karani alipomtafsiria, alikunja mikono na kungoja jibu kama sisi wote.

"Hakuna maiti," mlinzi alisema mwishowe. "Nilitumwa sufuria."

Direktere akasema kwa haraka kwamba sufuria ya gereza imetoboka juzi, hii ni ya kuazima kwa siku moja tu, chakula humu ni kingi, wafungwa wenyewe wanashiba mpaka wanabakiza. Alikuwa na ulimi mzuri. Niliona jaji anaanza kutikisa kichwa kwa kukubali, na moyo wangu ukaanza kwenda Kindu.

Kwenye matanga ya kwetu mjukuu ana kazi yake. Anavaa kofia ya marehemu, anatembea mwendo wake, anaiga sauti yake, anawadai watu chakula kwa jina lake, na aliyechokozwa hana ruhusa ya kukasirika. Nimefanya kazi hiyo kwenye misiba mingi ya mtaa na sijawahi kukosa paja la kuku. Sasa nilisimama katikati ya watu wazima na jaji, bila hata kofia ya marehemu. Lakini mzee yule alikuwa babu yangu. Alikuwa tayari kunioa kwa ajili ya bugali. Hakuwa na mjukuu mwingine hapo.

Nilichukua bakuli lililokuwa kwenye meza ya direktere pale uani. Nilikunja mgongo, nikavimbisha miguu, yaani nikatembea kama mtu ambaye miguu yake imejaa maji, mguu mmoja, nikapumzika, mwingine. Nilijikokota hivyo mpaka mbele ya sufuria. Kilio kilinyamaza.

"Hodi," nilisema kwa sauti ya mzee. "Miye wa Wamaza. Nimetoka pale nyuma ya ukuta. Nimesikia leo iko chakula."

Nikamgeukia direktere, nikamwinamia kwa heshima zote.

"Baba direktere, miye nilikaa humu musimu wote wa mvua. Sufuria hii ilikuwa wapi? Au ilikuwa inaniogopa?"

Nikanyosha bakuli. Halafu nikakumbuka, nikalirudisha kifuani na kusema, "Asante, nimeshiba," na ndipo nikanyosha tena.

Kule ukutani mtu alicheka. Kilikuwa kicheko kibovu, cha koo kavu, na ningekijua hata kwenye soko lililojaa. Mjomba alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Wenzake wakaanza nao, wengine wanacheka, wengine wanalia kweli, na mmoja akapaza sauti, "Njo yeye, njo alivyokuwa anasema." Direktere alinyanyua mkono. Bibi akajiweka kati yetu, akamwambia kwa upole kwamba mjukuu yuko kazini.

Jaji alimuuliza karani swali, karani akamjibu kwa muda. Kisha jaji akawaendea wafungwa mwenyewe, bila direktere, akauliza kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika ni nani kati yao aliyewahi kula kutoka sufuria hii kabla ya leo. Walikaa kimya wote. Akauliza tena kuhusu mzee wa Wamaza, na sasa hawakunyamaza. Aliingia vyumba vya kulala, na nikamwona akigeuza godoro moja kwa mguu, akasoma jina la shule yetu lililopakwa rangi pembeni. Alipotoka alitaka kuonyeshwa pale nyuma ya ukuta.

Siku ile hakuamua kitu. Wakubwa hawaamui wakiwa wamesimama. Lakini kwenye kikao kilichofuata, tulipokuwa tumejaa tribinali mpaka madirishani, wakili wa upande wa pili, yaani wa gereza, alisema wafungwa hawana ruhusa ya kushitaki kwa kundi, kila mmoja aje na kesi yake. Jaji alikataa. Alisema wamelala chumba kimoja na njaa moja, kesi yao ni moja. Aliamuru asiwepo wa kuhamishwa mpaka kesi iishe, na gereza lipike kila siku. Defanseri alisahau baiskeli yake nje kwa furaha, ikaibwa. Anasema atafungua kesi, na mimi nimemshauri aifungue kwa kundi, yeye na baiskeli.

Kesi yenyewe haijaisha. Upande wa pili wamekata rufaa, mjomba bado yuko ndani, na lile jambo lake la mfuko halijaitwa hata siku moja. Miguu yake haijavimba.

Baada ya kikao, direktere alikuja kwetu na kofia mkononi, akitaka kumrudishia bibi sufuria. Alikuwa amekwisha kutafuta ndogo zaidi, alisema. Bibi alimpa kiti, akampa maji, akamuuliza habari za watoto. Kisha akamjibu kwamba sufuria hairudi mpaka matanga yaondolewe, na matanga ya mzee wa Wamaza ataondoa yeye, siku tribinali itakapomaliza.

"Na kama mutu mwingine akikufa mtaani, bibi?" direktere aliuliza.

"Tutakuja kupika kwako," bibi alisema.

Kwa hiyo sufuria iko gerezani. Akina mama wamekubaliana kitu kidogo: kila asubuhi, anayepita upande ule anaangalia moshi juu ya ukuta. Moshi ukiwepo, anaendelea na safari yake. Usipokuwepo, anapita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba inatoa ukuni mmoja. Imetokea mara kadhaa. Tunafika mlangoni, hatulii, hatusemi. Tunakaa chini na kuni zetu. Mpaka sasa moshi umekuwa ukitoka kabla jua halijawa kali.

Leo kazi ya kuangalia ni yangu. Nimeandika haya nikiwa nimekaa kwenye jiwe ng'ambo ya barabara, mtihani wa aljebra unaanza bila mimi, na juu ya ukuta naona anga tupu. Nimengoja vya kutosha. Nakwenda kumwambia muke mwenza wangu afunge kanga.